Bei Iko Wapi?

Tangazo nililolibuni lilikuwa tayari kwenye skrini mbele yetu. Pazia la samawati iliyokolea lilishuka hadi sakafuni, jina la duka lilikaa juu, na upande wa kulia chini, ndani ya duara la manjano, nilikuwa nimeandika: "450/= kwa mita, kushona bure." Mteja wangu, mama anayeuza mapazia katika kiduka cha ghorofa ya pili karibu na River Road, alilitazama kwa makini, akasifu rangi, kisha akaweka kidole juu ya lile duara.

"Kazi ni safi, mwanangu. Lakini hapa patoe. Andika waje inboksi."

"Kwa nini, mama? Si ndiyo bei yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Lakini mtu akishaijua, atanitafutia nini tena?"

Nikalifuta duara, nikaandika alivyotaka, akalipa na kwenda zake. Duka ni lake na uamuzi ni wake.

Swali lake, hata hivyo, halikwenda naye.

Sababu zake zina uzito

Kila mwenye simu Nairobi anaufahamu mtindo huu. Picha ya viatu, ya keki, ya kochi la watu saba, na chini yake watu wanauliza bei mmoja baada ya mwingine, huku kila mmoja akipewa jibu lilelile kwamba aangalie inboksi. Wanunuzi hulalamika sana, na ni rahisi kuwadharau wauzaji kana kwamba hawajui biashara. Mimi siwezi kuwadharau. Nimekaa na wengi wao, nimewasikiliza, na sababu wanazozitoa si za kipuuzi.

Ya kwanza ni jirani. Katika yale majengo ya katikati ya jiji ambako ghorofa nzima imegawanywa kwa mbao na vioo, maduka ya safu moja mara nyingi hununua bidhaa kwa muuzaji wa jumla yuleyule, pengine wa Eastleigh, na kwa bei ileile. Ukitangaza 450, jirani atatangaza 430 kabla ya saa sita mchana. Ya pili ni kupatana. Mnunuzi wetu haikubali bei ya kwanza. Ukimwandikia 450 yeye ataanzia 300, na huna tena nafasi ya kupanda. Ya tatu ni mazungumzo. Muuzaji hodari anaamini kwamba akimpata mtu kwenye simu atamweleza ubora wa kitambaa, atamtumia picha nyingine, atajua anachohitaji, na biashara itafanyika. Wapo pia wanaosema kwamba maswali mengi chini ya picha huifanya ionekane na watu wengi zaidi, na kwa namna mitandao ya kijamii inavyofanya kazi, hawajakosea kabisa.

Ya nne ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya kweli na haina wa kulaumiwa dukani. Bei haitulii. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Muuzaji wa kitambaa kinachoagizwa kutoka nje, aliyechapisha bango lenye bei mwezi Januari, huenda kufikia Juni bango lake lilikuwa linasema jambo jingine na yeye mwenyewe anasema jingine. Bango hilo alilipia, na hakuna atakayemrudishia pesa zake.

Ipo ya tano, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kumpima mteja kwanza. Muuzaji huitazama picha yake, mtaa anaoishi na namna anavyoandika, kisha humtajia bei inayomfaa yeye. Hiyo sitaitetea. Anayeishi Kilimani, mtaa wa wenye uwezo, na anayeishi Kayole, mtaa wa wenye kipato kidogo, wakinunua pazia lilelile, mita ni ileile.

Ukiiondoa hiyo, zinabaki nne ambazo anayejiita mshauri wa wafanyabiashara wadogo hana budi kuzijibu kwa heshima. Kwa muda sikuwa na jibu. Sisi wabunifu tumezoea kubishana juu ya rangi na aina za herufi, na suala la bei tunamwachia mteja, tukiliona kuwa ni la nyumbani kwake. Lakini sehemu ya tangazo ambayo macho ya msomaji huitafuta kwanza haiwezi kuwa nje ya kazi ya anayelichora tangazo.

Wanaoitangaza kwa sauti

Nililiona jambo hili kwa namna nyingine jioni moja ya mvua, nikiwa kituoni nikisubiri gari.

Tazama kioo cha mbele cha matatu. Kuna nambari ya njia, 111 ya Ngong, 125 ya Rongai, 237 ya Thika, 45 ya Githurai, kisha kuna kibao cha nauli, mara nyingi kipande cha kadibodi chenye tarakimu mbili au tatu zilizoandikwa kwa kalamu nene. Mvua ikianza, kibao kinageuzwa na nauli inapanda. Abiria wananung'unika, wengine wanaondoka, wengine wanapanda, lakini hakuna anayekanyaga ngazi bila kujua atalipa ngapi.

Fikiria hali ya kondakta huyo. Gari lililo nyuma yake linaenda palepale, kwa hiyo jirani anaye. Nauli hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku moja, kwa hiyo bei yake haitulii hata kwa saa sita. Abiria wanapatana naye mlangoni. Sababu karibu zote walizonipa wauzaji zinamkabili yeye kwa ukali zaidi, na bado ameiandika bei na kuiweka mahali panapoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Nenda soko la Gikomba uone hivyohivyo. Muuzaji wa mitumba amesimama juu ya meza yake, amezungukwa na wenzake waliofungua marobota ya aina ileile, na neno linalomtoka kinywani ni bei. Mia, mia, chagua mia. Asubuhi nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, zina bei yake, na jioni ikifika ni fagia, yaani mabaki ya bei ya chini, na kila badiliko linatangazwa kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia.

Wenye ushindani mkali zaidi jijini ndio wanaotangulia kutaja bei.

Sisemi kwamba kiduka cha mapazia ni matatu. Pazia hununuliwa kwa utulivu, hupimwa, hulinganishwa na rangi ya ukuta, na mnunuzi huweza kuahirisha hata mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba jirani na bei inayobadilika, kwa vyenyewe, havijawahi kuwa kizuizi. Kadibodi na kalamu vinatosha kuvishinda. Kwa hiyo nikaanza kuuliza kama kuficha bei kunagharimu kitu, na kama kunagharimu, anayelipa ni nani.

Mteja asiyeuliza

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ni kweli. Lakini kuuliza bei kuna uzito wake wa pekee, kwa sababu anayeuliza bei amejitokeza. Bei ikizidi mfuko wake, inambidi aseme kitu. Atasema sawa, nitarudi, na wote wawili wanajua kwamba harudi. Dukani angeweza kugeuza kikaratasi kilichobandikwa kwenye bidhaa, akasoma, akapita zake bila mtu kumwona. Inboksini jina lake lipo na picha yake ipo, na kesho asubuhi ataandikiwa tena: habari dada, ulikuwa unauliza pazia, bado unahitaji?

Niliwauliza watu ninaowafahamu wanafanya nini wakikuta picha nzuri isiyo na bei. Jibu lililonisimamisha lilitoka kwa jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye wakati huo alikuwa kweli anatafuta mapazia ya sebule.

"Nikiona hawajaandika bei, najua hiyo si yangu."

Nilimwonyesha tangazo la mama wa River Road, lile lililoondolewa duara, nikamwomba akisie. Alisema elfu moja kwa mita, pengine zaidi, kwa sababu picha ilikuwa nzuri mno. Nilipomwambia ni 450 alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza duka liko jengo gani.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipogeuka. Nilikuwa nimelichukulia suala hili kuwa ni la kitu kilichoachwa, nafasi tupu ambayo mazungumzo yangekuja kuijaza. Nafasi ya bei haikai tupu. Msomaji huijaza mwenyewe papo hapo, na mwenye kipato kidogo huijaza kwa hofu, tena kadiri mbunifu alivyofanya kazi nzuri ndivyo hofu inavyozidi. Tangazo lilelile nililolitengeneza ili livute watu lilikuwa linawaambia baadhi yao wasisogee.

Na yule mama hawezi kuliona hilo. Anapofunga duka jioni na kufungua simu, anawaona walioandika, anawahesabu, anaridhika kwamba inboksi inafanya kazi. Waliosoma wakanyamaza hawana mahali wanapohesabiwa. Yule jirani yangu mwalimu hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kuna gharama nyingine ambayo ni ya muuzaji mwenyewe. Katika kiduka cha mtu mmoja, anayekata kitambaa ndiye anayeshona, ndiye anayepokea pesa, ndiye anayejibu simu. Swali la bei lililoingia saa nne asubuhi akiwa na mkasi mkononi hujibiwa saa mbili usiku, na aliyeuliza amekwisha kununua kwingine. Kuhusu wale wanaoipenda inboksi kwa sababu inawapa nambari za simu za kurushia matangazo baadaye, watahadhari. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mwenye nambari kabla ya kuitumia kibiashara, na mtu kuuliza bei ya pazia si ridhaa ya kutumiwa matangazo mwaka mzima.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sikuitaja Ibara hiyo kwa mama yangu wa mapazia, wala simshauri mtu amtishe nayo muuzaji mdogo. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kama nchi tuliona kuwa kumjulisha mnunuzi ni jambo zito kiasi cha kuandikwa pale.

Bango ni la miaka, bei ni ya wiki

Niliporudi kwake nilikwenda na pendekezo, kwa kuwa ile sababu ya nne, ya bei kutotulia, ilikuwa bado inasimama. Nilimwambia tutenganishe kinachodumu na kinachobadilika.

Bango la nje libebe jina la duka, kinachouzwa, nambari ya simu, na njia ya kufika. Hili la mwisho watu hulipuuza, ilhali Nairobi tunaelekezana kwa alama: mkabala na kituo fulani, ghorofa ya pili, ukitoka kwenye ngazi pinda kushoto, mlango wa tatu. Mwenye duka la juu akiniambia kwamba kizuri chajiuza namuuliza kitajiuzaje kwa mtu anayepita chini asiyejua kwamba ngazi ipo. Mambo hayo yakichapishwa vizuri hukaa miaka.

Bei zikae kwenye vitu vyepesi. Karatasi ya A4 iliyofunikwa kwa plastiki mlangoni, inayobadilishwa kwa gharama ya kuchapisha ukurasa mmoja. Katalogi ya WhatsApp Business, ambapo kila bidhaa ina sehemu yake ya bei na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Na tangazo la hali ya WhatsApp (Status), lile linalotoweka baada ya saa 24, ambalo kwa asili yake halidai kudumu. Juu ya zote uandike mwezi: Bei za Machi. Mteja akija Mei akakuta imepanda, hakuna aliyemdanganya.

Kisha nikamwonyesha hesabu moja ambayo, kwa maoni yangu, ina faida kuliko lile duara langu la kwanza. Mnunuzi hanunui mita, ananunua dirisha. Pazia likitakiwa kukunjika vizuri huhitaji kitambaa cha karibu mara mbili ya upana wa dirisha, jambo ambalo fundi analijua usingizini na mnunuzi halijui kabisa. Kwa hiyo tuliandika: "Dirisha la upana wa mita 2: kitambaa mita 4, jumla 1,800/=, kushona bure." Na chini yake: "Madirisha manne au zaidi, tuzungumze." Mstari huo wa mwisho umeyapa mapatano nafasi yake, na mazungumzo aliyoyapenda sasa yanaanza na mtu ambaye tayari ameikubali bei ya dirisha moja.

Alikubali. Shuka, ambazo pia anaziuza, alikataa kuziandikia bei, akisema ubora wake hutofautiana mno kati ya robota na robota, na kwamba akiandika bei ya nzuri atamfukuza anayetaka ya kawaida, na akiandika ya kawaida atawapata wanaotaka nzuri kwa bei ya kawaida. Sikuwa na la kuongeza. Anazijua shuka zake.

Kuiweka isionekane kwa aibu

Bei iliyoandikwa kwa herufi nyembamba pembeni, rangi ya kijivu juu ya mikunjo ya pazia, imeandikwa na mtu anayetamani isisomwe, na msomaji huhisi hivyo. Ukiamua kuiandika, iandike.

Jaribio ninalolitumia ni la simu. Tangazo likishakamilika nalituma kwenye simu ya kawaida, naiweka kwa urefu wa mkono, naangalia kama jina la kitu na bei yake vinasomeka bila kukuza. Wengi wetu tunachora kwenye skrini kubwa na kusahau kwamba kazi itaonekana katika ukubwa wa kiganja, huku mtu akiwa amesimama ndani ya basi. WhatsApp pia hubana picha, na maandishi madogo ndiyo ya kwanza kufifia, kwa hiyo faili la kuchapishwa litumwe kwa njia ya hati badala ya picha.

Kwa mabango, mafundi wana kanuni ya tangu zamani: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi. Ukitaka kusomwa vizuri na mtu aliye mita 12, ng'ambo ya barabara, herufi ziwe na kimo cha sentimita 10. Nyeusi juu ya manjano husomeka, nyeupe juu ya samawati nzito husomeka. Nyekundu juu ya samawati huyachosha macho, hata kama ndizo rangi za timu unayoipenda.

Neno "kuanzia" linahitaji uaminifu. Ukiandika kuanzia 450, basi kitambaa cha 450 kiwepo, tena cha kutosha, katika rangi ambazo mtu mwenye akili timamu angezitundika sebuleni. Aliyepanda ghorofa mbili na kuambiwa kwamba cha 450 kiliisha jana hatapanda tena.

Nambari ya Lipa na M-Pesa iwe karibu na bei, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji. Huduma hiyo ipo tangu 2013 na watu wameizoea, lakini jina likiwa tofauti na la duka, mnunuzi wa mbali husita, na ana haki ya kusita, maana walaghai ni wengi.

Na sisi tunaojiajiri

Nimewaandikia wenye maduka kwa kirefu, ilhali sisi wabunifu, wapiga picha, waandishi na watengenezaji wa tovuti ndio mabingwa wa kusema inategemea. Mteja anauliza bei ya nembo, nasi tunamuuliza bajeti yake ni ngapi. Yeye hajui, kwa sababu hajawahi kununua nembo. Anaona haya, anaondoka, na kesho anampata kijana anayemtoza shilingi 500 kwa nembo iliyonakiliwa, kwa kuwa kijana huyo alikuwa na fadhila moja ambayo sisi hatukuwa nayo: alitaja bei.

Ninaelewa kwa nini tunafanya hivyo. Nembo mbili hazifanani kwa kazi, na hofu ya kujifunga kwa bei ndogo kisha mteja akarudi na mabadiliko yasiyokwisha ni hofu halali. Lakini dawa yake ni kuandika kilichomo ndani ya bei: michoro ya awali mingapi, marekebisho mara ngapi, na faili zipi utakabidhi, ikiwamo ya vekta inayoweza kukuzwa hadi kuwa bango bila kupasuka. Nusu ilipwe kabla ya kuanza. Na kama mteja ni kampuni, kumbuka kwamba malipo ya kitaalamu yanayofikia shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi kwa kawaida hukatwa asilimia 5 na kupelekwa KRA, mamlaka ya kodi, kwa hiyo ankara ionyeshe hivyo tangu mwanzo, na cheti cha makato ukidai, kwa sababu pesa hiyo inahesabiwa katika kodi yako.

Kazi ndogo nimeziandikia bei kamili: kadi za biashara, tangazo la simu, menyu ya mkahawa. Kazi ya utambulisho mzima wa biashara sijaiwekea bei moja, na sidhani kama nitaiwekea. Badala yake nimeandika kiwango cha chini kabisa ninachoanzia, na chini yake mambo yanayoipandisha: idadi ya vitu vitakavyochapishwa, idadi ya watu wanaopaswa kuidhinisha, na siku zilizobaki kabla ya uzinduzi. Aliyeyasoma hayo hujua kabla ya kunipigia kama tunaweza kufanya kazi pamoja, na anapopiga, swali lake la kwanza huwa ni kuhusu kazi.